Shahada ya bomba na viyoyozi: Mtwara italipa?

Jirani yangu hapa Shangani ana binti aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM. Binti anataka kuwa mhandisi wa huduma za majengo, yaani maji, umeme na viyoyozi. Mjomba wake anamsukuma asomee gesi. Bibi yake, mwenye mikorosho itakayolipa ada, ameuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, miaka minne chuoni, kisha uje kuwa fundi bomba?"

Wengi walicheka. Mimi naona bibi kauliza jambo la maana kuliko wote pale barazani.

Fundi bomba anafunga bomba. Mhandisi wa huduma anaamua lipite wapi, liwe na upana gani na pampu iwe na nguvu kiasi gani, kabla msingi haujachimbwa. Chukua tenki la lita 5,000. Likijaa, hizo ni tani 5 za maji, na watu huzipandisha juu ya zege la choo bila mtu kupiga hesabu. Tenki hilohilo likiwa mita 3 tu juu ya bomba la kuogea, shinikizo ni kama baa 0.3, na baadhi ya hita za papo kwa papo huenda zisiwake. Mwenye nyumba atamlaumu aliyemuuzia hita! Kwenye ghorofa mambo huwa mabaya zaidi: wa umeme kaja siku yake, wa viyoyozi siku yake, wa maji taka kaja mwisho, naye anakuta boriti imemzibia njia. Anachukua nyundo na tindo. Mhandisi analipwa ili nyundo hiyo isiinuliwe.

Kazi ipo, basi. Kama ipo hapa Mtwara ni suala jingine, na hapo bibi anapata nguvu. Majengo yasiyoweza kwenda bila mtaalamu huyu ni hospitali, hoteli kubwa, viwanda na ofisi za ghorofa. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, tuna bandari, uwanja wa ndege, kiwanda cha saruji cha Dangote. Vidole havijaisha na orodha inakaribia mwisho. Wengine sote tunajenga chumba kwa chumba, msimu wa korosho ukilipa. Mteja wa namna hiyo haitishi mchoro wa mabomba, anampigia simu fundi anayemfahamu.

Njia yenyewe ni ndefu. Ukimaliza miaka 4 ya shahada unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, halafu kuna mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Hiyo ni miaka 7. Kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi. Mwenzako aliyekwenda VETA muda huo ana wateja, ana pikipiki na pengine kaanza kufyatua tofali zake.

Upande wa mjomba sina mengi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015. Mradi wa kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, ulifikia makubaliano ya awali Juni 2022, na tangu hapo tunasubiri. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza gesi ya bahari kuu ilipoanza kupatikana, mwaka 2010, sasa ni mtu mzima wa kuoa. Tena mradi huo ukija, watu wake watalala, watapika, watafua na kutaka ubaridi ofisini, kwa hiyo binti hatakuwa amekosa gesi kwa kusomea majengo. Aliyesomea gesi peke yake ndiye atakayekaa akingoja.

Kwangu mizani inaelemea kwenye majengo yaliyokwisha kusimama. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, nayo chumvi haina huruma na mapezi ya alumini ya kiyoyozi kilichofungwa nje kuelekea ghuba. Yanamomonyoka kama biskuti, tunasema mashine ilikuwa feki, tunanunua nyingine ileile na kuifunga palepale. Mtu wa kusema "hapa weka iliyopakwa kinga, au igeuze upande wa pili" anaokoa fedha kila mwaka.

Mhandisi mzuri atauliza pia kama kiyoyozi chenyewe kinahitajika. Nenda Mikindani uone nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazochelewa kushika joto. Sisi tunaezeka bati, tunaweka dirisha la slaidi linalofunguka nusu tu (nusu ya pili unalipia kioo), kisha tunalalamikia luku.

Ningekuwa mzazi ningemwacha aende, ila asomee shahada pana ya umeme au mitambo, kisha abobee kwenye majengo akiwa kazini, maana milango ni mingi zaidi. Likizo zote awe nyuma ya fundi wa hapa hapa, abebe mkoba. Na ajue kwamba miaka ya kwanza huenda akaishi Dar es Salaam au Dodoma. Kama ada ingehitaji kuuza shamba, ningesema aanzie VETA, shahada isubiri.

Bibi bado hajakubali. Amesema kabla hajatoa senti, huyo mhandisi aje kwanza amweleze kwa nini maji hayapandi kwenye tenki la uani.