Sanduku la kufuli tatu

Nimesoma makala moja kuhusu wanawake wa Kimasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, makala nzuri ila hapo mwandishi aliposema "wamewezeshwa" nikacheka kidogo, jamani nani kamuwezesha nani? PWC (Pastoral Women's Council), shirika la wanawake wafugaji wa huko, wameianzisha wanawake wa kifugaji wenyewe, akina Maanda Ngoitiko, tangu 1997 huko, kabla hata hizi semina za posho hazijawa fasheni.

Mi shangazi yangu yuko Longido, yupo kwenye vikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, na akina mama wenzie, nilienda mwaka juzi nikakuta wamekaa chini ya mti, katikati sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo kila moja iko kwa mama tofauti na anayelala na sanduku hana hata moja. Mume wa mmoja akaja kuomba akopeshwe kwa jina la mkewe, wakamjibu kwa adabu kabisa, baba karibu chai ila mkopo hapana 😂

Mwandishi kagusia mbuzi na shanga kagusia na shule ila ardhi kaipita juu juu, wakati ndo penye ugomvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7 na 3 wawe wanawake, sasa vijiji vingine hao watatu ni majina tu kwenye karatasi, kikao kinaisha wao wako jikoni. Akina mama wanaopambana wapate hatimiliki za kimila kwa majina yao, hao ndo mkawahoji.