Maneno machache hayapunguzi fikra

Mwandishi mmoja anadai kwamba Toki Pona, lugha aliyoibuni Sonja Lang wa Kanada mwaka 2001 na yenye maneno ya msingi kama 120 hivi, humfanya mtu awaze mambo kwa wepesi. Hapo sikubaliani naye. Neno "laso" hubeba buluu na kijani kwa pamoja, lakini anayelitumia bado anaona tofauti ya bahari na majani. Akitaka kuitaja, ataongeza maneno. Kazi ya kufikiri iko palepale, tena msikilizaji naye anatwishwa sehemu yake. Hilo linanivutia sana. Ila kwa mfumo wa msingi wa kuhesabu wa lugha hii, yaani moja, mbili, kisha nyingi, nani atathubutu kumwandikia mgonjwa dozi ya dawa?