Kalipa Nyekundu, Mafuta Meusi

Mpwa wangu aliazima Toyota Starlet yangu kwa wiki moja, akairudisha hapa Mbale, Uganda, ikiwa na diski mpya za breki za mbele zilizotobolewa matundu mithili ya chekeche, na kalipa, yaani vibano vinavyosukuma padi kwenye diski, zilizopakwa rangi nyekundu inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. "Mjomba, sasa gari litasimama papo hapo," aliniambia, akinikabidhi funguo kwa mikono miwili na risiti pamoja nazo. Nilimshukuru, kwa sababu nilikuwa sijaisoma risiti.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kapchorwa. Wakati wa kuteremka, nilipokwisha kupita kona za Sipi, pedali ilianza kulainika mguuni, na nilipoikanyaga mara ya tatu ilizama hadi karibu na sakafu. Sehemu ya mteremko iliyobaki niliimaliza kwa gia ya kwanza, huku lori la matoke likinipigia honi kwa nyuma na kalipa zangu nyekundu zikipendeza kweli kweli.

Gari lilipopoa pedali ilirudi kuwa ngumu, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua kopo la mafuta ya breki nikakuta mafuta meusi kama kahawa ya Bugisu iliyosahauliwa jikoni. Fundi aliyefunga diski zile za fahari hakuyagusa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata kama gari limeegeshwa tu, na kadiri maji yanavyoongezeka ndani yake ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140 tu. DOT 4 huanzia 230, nayo ikilowa hubaki na 155. Kwenye mteremko mrefu ambapo dereva haondoi mguu kwenye pedali, joto hupita kutoka kwenye padi na pistoni hadi kwenye mafuta, maji yaliyomo yakageuka mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, jambo ambalo mafuta hayakubali. Unakanyaga, lakini unachokibana ni mapovu. Mtu anaweza kufunga diski yenye ukubwa wa sinia la pilau, na mapovu yale yatabaki pale pale.

Ndiyo maana ninakasirika. Chupa ya mafuta mapya na saa moja ya kutoa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne vingegharimu sehemu ndogo tu ya risiti ile, lakini nani atakayesimama kando ya barabara kuyasifu mafuta? Vijana wetu hununua kile kinachoonekana kati ya mikono ya rimu, na mafundi, ambao wanajua vizuri zaidi, huwauzia hicho hicho.

Sitasema kwamba diski kubwa ni upuuzi mtupu. Diski nene yenye nafasi ya hewa katikati hubeba joto zaidi, na mwenye Starlet anayepata seti kamili ya mbele kutoka kwa ndugu yake yenye turbo, pamoja na rimu za inchi 14 zinazoweza kuifunika, amefanya jambo la maana. Neno ni kamili. Ukiweka kalipa yenye pistoni kubwa ukaiacha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ile ile ya zamani, pedali itakwenda mbali zaidi kabla ya kushika. Ukiongeza nguvu ya breki za nyuma bila mpango, magurudumu ya nyuma yatakwama kwanza na gari litageuka kwenye lami iliyolowa. Kuhusu matundu, katika gari la sokoni faida yake kubwa ni kuanzisha nyufa. Na tairi likiwa limekwisha, haya yote ni mazungumzo tu.

Starlet za kizazi hiki ziliacha kutengenezwa mwaka 1999, na tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, hizi tulizonazo ndizo hizi hizi. Mipira ya breki yake, ile inayopitisha mafuta hadi magurudumuni, ina umri wa mpwa wangu. Niliikunja ile ya kushoto kwa vidole, ikafunguka mistari mistari kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Nilipovua ngoma ya breki ya nyuma, silinda ndogo ilikuwa ikivuja, na kiatu cha breki kilikuwa kimelowa mafuta kiasi cha kung'aa.

Tulibadilisha mipira yote, silinda mbili za nyuma na viatu vyake, tukafunga diski za kawaida zisizo na matundu, kisha tukasukuma DOT 4 mpya tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, hadi yaliyokuwa yakitoka kwenye kimpira cha kutolea hewa yakawa meupe. Mpwa wangu ndiye aliyekanyaga pedali muda wote, "kanyaga, shikilia, achia," hadi mguu ukamuuma. Juzi tuliteremka pamoja kutoka Kapchorwa, na pedali ilibaki juu hadi tukafika chini. Rangi nyekundu bado ipo. Sijaona haja ya kuikwangua.