PUBLIC Maana Yake ni Kila Mtu

Katika PostgreSQL, mfumo wa kusimamia hifadhidata, PUBLIC ni kila mtumiaji wa seva, aliyepo leo na atakayeongezwa kesho. Kwa miaka mingi wote hao walipewa, bila kuomba, ruhusa ya kuunda vitu ndani ya skima (fungu la majedwali na funksheni) iitwayo public. Naamini lilikuwa kosa kubwa, na bado limo katika hifadhidata nyingi ambazo wenyewe wanazihesabu kuwa salama.

Chukua jedwali lenye safu ya jina, aina yake varchar (maandishi). Msimamizi mkuu anaandika lower(jina). Funksheni halisi ya lower, iliyomo pg_catalog (skima ya mfumo wenyewe), inapokea text, aina nyingine ya maandishi. Mtumiaji wa chini akiunda public.lower(varchar), yake ndiyo itakayoitwa, maana aina inalingana kabisa, ingawa pg_catalog hutafutwa kwanza. Msimbo wake sasa unaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na ukirudisha jibu sahihi hakuna atakayeshtuka. Udhaifu huu umesajiliwa katika orodha ya CVE, ya udhaifu wa kiusalama wa programu, kama CVE-2018-1058.

Toleo la 15, la Oktoba 2022, liliondoa ruhusa hiyo, lakini kwa hifadhidata mpya tu. Aliyehama kutoka la 14 kwa pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, amehama na ruhusa zake za zamani. Andika \dn+ ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. Ukiona =UC bila jina kabla ya alama ya sawasawa, hiyo C (CREATE) ndiyo mlango ulio wazi. Ufunge hivi, katika kila hifadhidata:

REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;

Kisha kagua funksheni kwa \df public.* na opereta kwa \do public.*, kwa sababu kuondoa ruhusa hakuondoi kilichokwisha kupandwa. Programu inayojiundia majedwali itagoma. Mpe CREATE mtumiaji wake mmoja, basi.

Linalosahaulika zaidi ni funksheni mpya: PUBLIC huruhusiwa kuziendesha zote, hata zile za SECURITY DEFINER zinazotumia mamlaka ya mwenye funksheni. Dawa ni hii:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES REVOKE EXECUTE ON FUNCTIONS FROM PUBLIC;

Usiongeze IN SCHEMA. Amri itapita bila kulalamika na haitabadilisha kitu. Tena inazihusu tu funksheni zitakazoundwa na mtumiaji aliyeiendesha, kwa hiyo taja wengine kwa FOR ROLE. Funksheni zilizopo tayari zinahitaji REVOKE yao.