Tangu 1905? Nigeuzie kwanza nione soli

Wamarekani wanapenda mno kupiga chapa mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni kwenye kila wanachouza, na watengeneza buti wa Red Wing hawako nyuma. Charles Beckman, mfanyabiashara wa viatu, alianzisha kampuni hiyo mwaka 1905 katika mji mdogo wa Red Wing, jimbo la Minnesota, kando ya mto Mississippi. Sawa, ni zamani. Lakini umri wa kampuni haunibabaishi. Mimi nikipewa buti naligeuza kwanza.

Viatu vingi tunavyovaa leo soli yake imebandikwa tu. Gundi ikiachia, fundi anakubandikia tena, unasogea nacho kidogo, kinaachama mdomo upya. Buti za Red Wing, zile za kundi la Heritage, hushonwa kwa mtindo wa Goodyear: ukanda mwembamba wa ngozi unazungushwa ukingoni na kushonwa pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani, halafu soli ya nje inashonwa kwenye ukanda huohuo. Ni mishono miwili, kila mmoja na kazi yake. Soli ikilika, fundi anakata mshono wa nje, anaing'oa, anashona nyingine, na ile ngozi ya juu iliyokwishauzoea mguu wako haiguswi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Ngozi yenyewe haitoki mbali. S.B. Foot ni kiwanda cha ngozi kilichoanza mwaka 1872 mjini humohumo, na Red Wing walikinunua miaka ya 1980. Ngozi ikiwa mbovu, hawana wa kumsingizia.

Kinachonivutia zaidi ni cherehani za Puritan. Zinashona mistari mitatu sambamba ubavuni mwa buti kwa mpigo mmoja, huku uzi ukipita kwenye utomvu mweupe wa mpira unaoziba matundu ya sindano ili maji yasipenye. Ni mashine za zamani sana, na spea huzipati dukani, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe na mafundi wake wa kuzifufua. Katika matangazo sifa zote huenda kwa mshonaji. Mimi ningempa nusu yule mwenye spana na mikono ya grisi.

Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia buti hizi zikisifiwa kwamba ni kazi ya mkono mtupu. Ufundi wa viatu wa Marekani ulikulia kwenye mashine. Jan Matzeliger, mtu mweusi kutoka Suriname aliyekuwa kibarua wa viwanda vya viatu huko Lynn, Massachusetts, alipata hataza mwaka 1883 ya mashine ya kuvuta ngozi ya juu na kuikaza kwenye kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake. Fundi hodari wa mkono alikuwa akimaliza jozi kama 50 kwa siku. Mashine ilifika mpaka 700. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889, akiwa na miaka 36 tu. Katika hizi hadithi za urithi wa buti, jina lake hulisikii.

Tukija kwenye bei, ni zaidi ya dola 300 kwa jozi. Aina yao iitwayo Iron Ranger ina ngozi maradufu kwenye vidole, kwa heshima ya wachimba chuma wa kaskazini mwa Minnesota, lakini siku hizi wengi wanaoivaa hawachimbi hata bustani. Hilo silo linalonikera. Kila mtu na pesa yake. Kinachonikera ni kwamba si kila buti la kampuni hii linatengenezwa Minnesota, na si kila moja limeshonwa nilivyoeleza hapo juu, ilhali sifa ya 1905 inazifunika zote. Ukiwa dukani usiulize kampuni ina miaka mingapi. Uliza hili ulilolishika limetengenezwa wapi, na soli yake ikiisha inabadilishwa au haibadilishwi. Muuzaji akianza kukusimulia habari za Beckman, lirudishe rafuni.