Liverpool ndiyo iliyonishusha Kit Mikayi

Miaka yote ya sekondari nilipanda matatu za Kisumu kwenda Bondo, na makanga alipouliza kama kuna wa kushuka Kit Mikayi, mimi nilikuwa nimelala au natafuna njugu. Sikuwahi kushuka. Tulijua lile jiwe ni la watalii na la watu wa maombi.

Sasa ni mwaka wangu wa tisa Liverpool. Jumamosi, mvua ikipungua, familia za hapa humiminika Albert Dock, magati yaliyofunguliwa 1846, na kuingia makumbusho ya kando ya maji bila kulipa chochote. Mtoto wa mfagizi na mtoto wa daktari husimama mbele ya kioo kimoja. Mwaka 2007 walifungua hapo Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa, karibu na magati makavu ambamo meli za biashara hiyo zilikuwa zikikarabatiwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilimsikia mama mmoja Mwingereza akimweleza bintiye, bila kumung'unya maneno, kwamba sehemu ya utajiri wa mji wao ilitoka kwenye ile minyororo. Nilitoka nje nikakaa kando ya maji kwa muda mrefu. Mwanangu akiniuliza habari za Kisumu, ningemwambia nini? Nilijua reli ilifika Desemba 1901 na mji ukaitwa Port Florence, kwa kuwa hilo lilikuwa la mtihani. Basi.

Likizo iliyofuata nilimpeleka kwenye Makumbusho ya Kisumu. Miaka yote niliyokaa mjini nilikuwa nikiwasikia wanafunzi wakisimulia mamba na nyoka wa pale, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa humo ndani. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Mimi, Mjaluo wa kuzaliwa, nilihitaji kuelezwa kwa nini. Kesho yake tukashuka Kit Mikayi, na mzee aliyetutembeza akatusimulia kisa cha mume aliyeshinda kwenye jiwe kila siku, hata watu wakimuulizia nyumbani, mkewe anajibu: ameenda kwa mke wake wa kwanza. Mwanangu alicheka sana. Mimi koo lilinikaba.

Sisemi Ulaya wanajua kutunza kuliko sisi. Liverpool iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004, na 2021 ikaondolewa kwa sababu ya majengo mapya kando ya magati. Kazini wengine walisema mji ni wa kuishi, si wa kupigwa picha. Nawaelewa, lakini niliumia kana kwamba ni mji wetu. Na miaka mitatu tu kabla ya hapo, 2018, Thimlich Ohinga kule Migori ilikuwa imeingia kwenye orodha hiyo hiyo: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zenye umri wa karne kadhaa, na bado zimesimama.

Kisumu nayo inajenga kando ya ziwa. Bandari imekarabatiwa, na hilo nalifurahia. Lakini vibanda vya Lwang'ni, tulipokuwa tukila samaki wa ngege kwa mikono huku tukitazama maji, vilibomolewa, na naamini pale pia palikuwa urithi, hata kama hapakuwa na kibao. Ningependa kila Jumamosi watoto wa mitaa ya Kondele na Nyalenda waingie makumbusho bure, na wazee kama yule wa Kit Mikayi walipwe mshahara kamili wa kusimulia.

Desemba, Mungu akipenda, tutakwenda Thimlich. Mama yangu, aliyetimiza miaka sabini na miwili, alipopata habari alinipigia simu usiku: "Msiniache, baba. Hata mimi sijawahi kufika."