Safari Nne kwa Siku

Kwenye baraza za chifu kuhusu uandikishaji wa watoto wa chekechea, kauli moja haikosi: wazazi wanaficha watoto wenye ulemavu. Sipingi, wapo. Yupo anayemhamishia mtoto chumba cha ndani mgeni akibisha hodi. Yupo anayesema "ngoja akomae kidogo" mpaka mtoto anafika miaka 8 na kwenda kukaa PP1, darasa la kwanza la chekechea, na wenzake wa miaka 4. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwona mkosaji mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya maana, na wanaotaka itumike kwa ukali wana hoja: mtoto huyo hana mtu mwingine wa kumsemea.

Mimi nakwama hapo kwenye "sababu ya maana".

Namjua mama mmoja wa Kwale. Mwanawe ana miaka 5 na mtindio wa ubongo. Akili i macho, miguu haimbebi. Kila asubuhi humfunga mgongoni kwa leso, mtoto mzito kuliko mfuko wa unga wa kilo 10, akakata njia ya mchanga ambayo kiti cha magurudumu hakiwezi. Chekechea inafunga kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ni safari nne: kupeleka, kurudi, kufuata, kurudi tena. Hiyo ni siku njema, siku anayoruhusiwa kuondoka. Siku nyingine mwalimu humwambia, "Mama, ukienda, nani atampeleka choo?" Choo chenyewe ni cha shimo, hakina pa kushika, mtoto lazima ashikwe makwapani. Mwalimu yuko peke yake na darasa zima, siwezi kumlaumu. Basi mama hukaa chini ya mwarobaini hadi watoto watoke. Anauza vitumbua, na wateja wa vitumbua ni wa asubuhi.

Akikosa kwenda wiki mbili, jirani atasema kamficha.

Katiba ya 2010 iliiachia kaunti elimu ya chekechea: darasa ni la kaunti, mwalimu ni wa kaunti. Vituo vya tathmini ya watoto wenye ulemavu, EARC, vilivyoanza 1984, viko chini ya wizara ya kitaifa. Anayebeba karatasi kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mzazi, kwa nauli yake.

Kuna takwimu moja ambayo haijanitoka kichwani. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, watu takriban 900,000, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa zaidi. Tumeinukuu kila mahali. Ila soma maandishi madogo: ni watu wa miaka 5 na zaidi. PP1 inaanza miaka 4. Yaani karani angeweza kuingia sebuleni, akapewa kiti, mtoto wa miaka 4 amelala mkekani mbele yake, na bado ulemavu wake usingeandikwa popote. Hapo aliyemficha ni nani? Wataalamu watajibu kwamba kwa mtoto mdogo ni vigumu kutofautisha anayechelewa kutembea na asiyeweza, nao wana haki yao. Maswali yaliyotumika hayakutungiwa umri huo. Lakini tangu 2016 yapo maswali ya UNICEF na Washington Group, jopo la kimataifa la takwimu za ulemavu, yanayofaa watoto kuanzia miaka 2. Kaunti itapangaje vyoo, madawati na wasaidizi kwa watoto ambao kwenye vitabu hawapo?

Mzazi basi ana wajibu? Anao, tena mkubwa, na anayengoja anamnyima mtoto miaka isiyorudi. Lakini wajibu wake ni wa kumfikisha mtoto mlangoni. Tumemwongezea kuwa gari, kuwa mhudumu wa choo, kuwa tarishi wa serikali mbili, halafu tukamwita baraza kumtisha na sheria.

Nilimuuliza yule mama kama angependa mlango wa darasa uwekewe njia ya mteremko, maana ndiyo wafadhili hupenda kujenga na kupigia picha. Akasema si mbaya. Ila kama pesa ni za kitu kimoja tu, wamwajiri mtu wa kumshika mtoto chooni saa nne, yeye awahi wateja wake.